Saa Iliyorudi Nyuma

Ua wa makumbusho ulijaa waumini wa kanisa la Wakenya, wamevaa makoti mazito na wengi wao wakinung'unika. Walikuwa wamefika mapema. Usiku wa kuamkia Jumapili hiyo saa za Toronto zilirudishwa nyuma, na saa za ukutani majumbani kwao hazikuwa na habari.

Mugambi aliinama kuingia nyumba ya magogo wakati Jeptoo akiinama kutoka. Vichwa viligongana.

"Pole, dada."

"Bado unatembea kama lori," alisema Jeptoo. Kisha uso wake ukabadilika.

Alivaa koti jekundu, na kidoleni pete ambayo Mugambi hakuinunua.

Mwaka mmoja kabla, wazee wa Mugambi walikwenda Kapsabet, Kenya, kumposa Jeptoo. Baba yake Jeptoo alitaka kitu kimoja: amwone kijana huyo kwenye simu. Walimngoja saa nzima, hakuonekana. Siku hiyo hiyo Jeptoo akaifunga namba ya Mugambi asiweze kumpigia tena.

"Jep, nipe dakika moja."

"Ulipewa saa nzima."

"Hiyo ndiyo nataka kuisema. Ilikuwa Jumapili kama ya leo. Saa za huku zilirudi nyuma, za Kapsabet haziguswi. Nimezoea kuhesabu tofauti ya saa saba. Siku ile zilikuwa nane. Nilipopiga, nilidhani nimewahi, kumbe saa imeshapita na hakuna aliyepokea."

"Wazee wako hawakukutafuta?"

"Walinitafuta. Nilitoka zamu ya usiku huku Rexdale alfajiri, nikalala kidogo, simu nimeizima mlio."

Nyuma yao mtunza nyumba alikuwa akisogeza kwa kidole mishale ya saa kuukuu iliyo juu ya meko. Jeptoo aliitazama kwa muda mrefu.

"Nilikuwa kazini wodini hapa hapa Toronto usiku ule," alisema. "Zamu ilizidi saa moja. Nililalamika mpaka wagonjwa wakanisikia. Na bado sikufikiria."

"Hata mimi nilichelewa kujua. Nilipojua, ulikuwa umeshaifunga namba yangu."

"Ulivaa nini?"

"Suti ya kijivu. Na ile tai uliyosema inanifanya nifanane na karani wa benki."

Jeptoo alicheka, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

"Ulikaa nayo mpaka lini?"

"Mpaka chaji ya simu ikaisha."

"Philip aliyenivisha pete ni mtu mzuri, Mugambi. Mjomba ameshawapaka wazee wake siagi kichwani kuikubali posa. Kwetu hiyo haifutwi."

"Sijaomba ifutwe."

"Ungeomba mwaka jana."

"Ningeomba kwa namba gani?"

Lynette, aliyeipanga safari, alikuwa akiwaita watu wote nje wapigwe picha mbele ya magogo. Alimpa Mugambi simu yake kwa kuwa ndiye mrefu kuliko wote.

Walijipanga. Mugambi akaiinua simu, ikamziba uso.

"Dada wa koti jekundu," alisema, "tabasamu kidogo."

Jeptoo aliikazia macho ile simu, akitafuta uso nyuma yake.

"Piga tu," alisema.