Uzi Mdomoni mwa Jogoo

Kila asubuhi wakati wa mavuno pale Ubaruku, Rozalia alianika mpunga kwenye majamvi, akakaa na fimbo kufukuza kuku. Kazi gani hiyo! Ukimfukuza huyu, yule amekwisha kula. Mkaidi kuliko wote alikuwa jogoo mwekundu wa Bibi. Siku moja Rozalia alichoka naye kabisa, akamkamata na kumfunga mdomo kwa uzi. Jioni aliukata harakaharaka, asiangalie kama umetoka wote.

Baada ya siku chache jogoo alikuwa ameachama, mate yanamtoka, mashavu yamevimba. Bibi alimpaka majivu, akamfukiza moshi. Wapi!

"Mama, hiki ni kideri," alisema Baba mdogo Kasian. "Tuchinje kuku wote kabla hakijaenea kijijini."

"Wote? Hata wanaoatamia?"

"Hata hao."

Bibi alikaa chini, machozi yakimlengalenga. Kasian alianza kunoa kisu. Rozalia alitumwa akamlete tetea aliyeatamia. Alipomwinua, mayai yalikuwa bado ya moto. Hakuweza kuvumilia tena.

"Bibi, si kideri! Nilimfunga mdomo kwa uzi."

"Yesu wangu!" Bibi alifoka. "Na ulikuwa unanitazama tu nikimpaka majivu kichwani?"

Kasian alitupa kisu, akambana jogoo magotini. Bibi alichungulia mdomoni. Kipande cha uzi kilikuwa kimezama chini ya ulimi, kimelizunguka taya la chini. Alikikata kwa wembe taratibu, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kasian alitaka kuubana mdomo ufungike.

"Wewe nawe! Acha!" Bibi alimkemea. "Taya lina bawaba kama mlango. Ukilisukuma, utalivunja. Uvimbe ukipungua, litajifunga lenyewe."

Rozalia alipewa kazi ya kumnywesha uji mwepesi kila siku, tone kwa tone. Jogoo alimparura mikono yote. Hatimaye asubuhi moja aliwika kwa sauti ya kukwaruza, akaenda moja kwa moja kwenye mpunga.

"Jogoo alifungwa mdomo kwa uzi," alisema Bibi. "Wewe ulifungwa na nini?"

"Niliogopa, Bibi."

"Kosa lako lilimuumiza jogoo mmoja. Kunyamaza kwako kungewamaliza kuku wote. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Haya, shika fimbo yako, mpunga unaliwa!"