Kiti cha Marehemu Wamalwa

Mnaniganda na hadithi hii kama chawa. Haya, sikilizeni.

Muoki wa mtaa wa Mbotela alitaka kushinda mbio za magari, akawa anajifunza chumbani kwa mashine ya usukani na skrini. Kiti aliking'oa kwenye gari lililomuua mwenzake Wamalwa, akakishonesha ngozi mpya sokoni Kariokor.

Mama Wamalwa akamlilia, "Nirudishie. Kina damu ya mwanangu."

"Nishabadilisha ngozi, mathe. Damu gani tena?"

Jioni, akiwa kitini anajifunza, stima ikapotea. Skrini ikazimika, lakini injini ya mchezo ikaendelea kunguruma gizani. Kisogoni pake Wamalwa akasema, "Kushoto. Kaza!"

Muoki akakaza.

Mbio hakwenda. Kiti alikirudisha. Siku hizi analishwa na mamake, maana mikono yake haishiki kijiko. Inazungusha usukani usiokuwepo, daima kushoto.