Bi Kicheko na Dawa Iliyomfaa

Fundi cherehani mmoja alifanya kazi na mama yake. Binti alishona nguo, mama alitia vifungo. Wateja walimwita mama huyo Bi Kicheko, maana kila nguo aliikabidhi pamoja na utani.

"Suruali hii tuipanue, au wewe upunguze kula?" aliwauliza. Watu walicheka mpaka wakasahau kilichowaleta.

Wiki moja Bi Kicheko alinyamaza. Kiuno kilimuuma upande mmoja, na haja ndogo ilimchoma. Fundi akakumbuka antibiotiki zilizobaki alipoumwa jino.

"Hizi si za jino?" mama aliuliza.

"Dawa ni dawa, mama. Meza tu."

Mama akameza. Asubuhi iliyofuata alikuwa akitetemeka kwa homa, na alimwita binti yake kwa jina la shangazi. Fundi alishikwa na hofu. Hakufungua duka. Alikodi teksi, akamkimbiza mama hospitali.

Katika chumba cha dharura walipokewa na daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo mama," alisema, huku akimpima joto na presha. Kisha akamgeukia fundi. "Ametumia dawa gani nyumbani?"

Fundi aliona aibu, lakini alieleza yote.

"Ahsante kwa kuniambia," daktari alisema. "Ungenificha, ningekuwa napapasa gizani."

Muuguzi alichukua damu na mkojo vipelekwe maabara. Papo hapo akamtundikia mama dripu na kumchoma antibiotiki.

"Mbona mnampa dawa kabla ya majibu?" fundi aliuliza.

"Hali yake haisubiri. Inaelekea bakteria wameshambulia figo. Kwa sasa tunampa dawa inayopiga bakteria wa aina nyingi. Maabara ikishatutajia mhusika, tutachagua dawa inayomlenga yeye tu."

"Si muendelee na hiyo hiyo yenye nguvu?"

"Hapana. Ikitumika ovyo, inaua hata bakteria wanaotusaidia tumboni. Wabaya wanaosalia wanajifunza kuistahimili. Halafu siku mgonjwa akiihitaji kweli, haimsaidii."

Fundi alikohoa, akapenga kamasi. "Basi daktari, na mimi nipe kidogo. Mafua yananisumbua."

Daktari alimwangalia koo, akamsikiliza kifua. "Mafua yako yameletwa na virusi, dada. Antibiotiki haziui virusi. Pumzika, unywe maji ya kutosha. Ukipumua kwa shida au homa ikipanda, rudi hapa."

Fundi hakuridhika sana, ila alitii. Alikaa kando ya kitanda, ameushika mkono wa mama yake. Ulikuwa wa moto kama pasi.

Majibu yalipotoka, daktari alikuja mwenyewe. "Tumempata mhusika. Zile dawa za jino zisingemweza. Tunabadilisha, tunampa inayomfaa."

Homa ikashuka. Siku moja mchana Bi Kicheko alifumbua macho, akalitazama gauni la hospitali, akapapasa mgongo wake ulio wazi.

"Binti yangu," alisema polepole, "nguo hii aliyeishona aliishiwa kitambaa?"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Muuguzi naye alicheka, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba utani urudiwe, maana hakusikia vizuri.

Mama aliruhusiwa kwenda nyumbani na vidonge vyake. Alivimeza kama alivyoelekezwa mpaka vikaisha, ingawa alikuwa ameshapata nafuu. Mafua ya fundi yaliisha yenyewe. Zile antibiotiki za jino zilizosalia, fundi alizirudisha kwenye duka la dawa la hospitali.

Sasa Bi Kicheko amerudi kwenye vifungo vyake. Juzi mteja alilalamika kwamba tumbo linamuuma.

"Fundi, huna vidonge vyovyote vya kunipa?" aliuliza.

Bi Kicheko akadakia kabla binti hajajibu. "Mwanangu, hapa hata suruali hatukati bila kupima, sembuse tumbo lako. Nenda hospitali. Na ukirudi, njoo tulipanue hilo shati."

Mteja alitoka anacheka, akashika njia ya hospitali.