Mianya Miwili

Kauri moja ilikuwa mahali ambapo Nusura hakuiweka.

Aliiona kabla hajavua viatu. Ubao ulikuwa juu ya meza ya dirishani, palepale alipouacha asubuhi akienda chuoni. Kwa kuwa hakuiamini kumbukumbu yake, alikuwa ameupiga picha kwa simu. Akalinganisha. Kauri moja zaidi.

"Rafiq, umegusa mchezo wangu?"

"Ule wa kushindana na nafsi yako?" Mdogo wake alikuwa amelala kwenye kochi, miguu ukutani. "Dada, siku ukiniona hapo karibu, niitie daktari."

Mchezo ulikuwa Go, ambao Nusura alifundishwa na wenzake chuoni. Wachezaji wawili huweka kete kwa zamu kwenye nukta ambapo mistari inakutana. Kete zilizoshikana hulindana. Iliyotenganishwa na wenzake huzingirwa mpaka ikose pumzi, kisha hutolewa ubaoni. Nyumbani kwao Kisugu, Kampala, hakuwa na mtu wa kucheza naye, hivyo alicheza pande zote mbili.

Kete zake nyeusi zilikuwa mbegu ambazo marehemu babu yake alichezea mweso, bao la Waganda. Nyeupe zilikuwa kauri alizonunua soko la Wandegeya, kwenye meza ya mama anayeuza dawa za miti shamba. Siku ile mwenye meza alikuwa ameenda kula, na jirani yake akamwuzia, kama wanavyofanyiana pale. "Chukua tu, nyabo, hii yote iko ya kuuza," alisema, akazimimina kutoka kwenye kikapu kilichofichwa chini ya meza, kimefunikwa nguo ya gome.

Kauri ya ziada ilikuwa imeingia kati ya mbegu mbili ambazo Nusura aliziachanisha kwa tamaa ya eneo kubwa. Ilikuwa hatua nzuri. Hilo ndilo lililomsumbua. Ingekuwa hatua ya ovyo, angesema ni panya.

Kesho yake alirudi mapema. Mbegu moja kati ya zile mbili ilikuwa sakafuni, na ubaoni kauri nne zilikizunguka kitundu kilichobaki wazi. Chumba kilinuka tope la ziwa. Nje, mama yake, Bi Jannat, alikuwa amechuchumaa mbele ya banda.

"Njoo umwone huyu kuku, mwanangu. Tangu jana hawajui wanawe."

Vifaranga vililia kwa nguvu zao zote. Kuku alipita katikati yao kama anapita kwenye majani. Alasiri vyote vilikuwa vimekufa, midomo wazi, kama vilivyokosa hewa.

Nusura alirudi ubaoni. Pembeni zilibaki mbegu tatu, zimepangwa mshazari kama ngazi, zinagusana pembe kwa pembe tu. Kati ya ya kwanza na ya pili palikuwa na mwanya wa kukatia, na kati ya ya pili na ya tatu palikuwa na mwingine. Rafiq alipojaribu kujifunza mchezo huu alishikanisha kete zake zote, na Nusura akamcheka, akamwambia anajenga ukuta wa matofali. Yeye alipenda umbo jepesi. Ilikuwapo nukta moja tu ambapo mbegu moja ingelinda mianya yote miwili, na juu ya nukta hiyo kauri ilikuwa imekwisha kukaa, mdomo wake wa meno umeelekea juu.

Akagusa mbegu ya kwanza kwa ncha ya kidole. Ilikuwa na joto.

"Nani ananishika bega?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

Akagusa ya pili. Rafiq akageuka kwenye kochi. "Dada, acha utani."

Ya tatu aliigusa polepole, na kidole baridi kikatua kwenye kisogo chake mwenyewe.

Ami yao, Shehe Maftah, aliyefundisha madrasa ya mtaani, alikuja kabla ya magharibi, Nusura alipompigia simu. Hakuukaribia ubao mara moja. Alinusa mlangoni, akashusha sauti.

"Kauri hizi zina mwenyewe, naye si binadamu. Kuna mtu alikuwa akizipigia ramli."

"Nizimwage nje, Ami?"

"Thubutu! Ukimkatizia mchezo atamaliza bila ubao. Zamu ni ya nani?"

"Yangu."

"Cheza. Mimi nitasoma. Ukishaweka, nizikusanye, nizirudishe kwa mama wa dawa."

"Ami, iko mianya miwili ya kuziba, na zamu yangu ni kete moja tu."

Shehe hakuujua mchezo. "Basi weka panapofaa, mwanangu," alinong'ona, akaanza kusoma.

Nusura alishika mbegu, harufu ya tope ikipanda mpaka kooni, na nje wito wa sala ukaanza, na jikoni mama yake akamwita Rafiq aje abebe sufuria, na Rafiq akaitika, akaitika kama siku zote, kwa uvivu na kwa sauti kubwa, na Nusura akamkumbuka kuku akipita katikati ya vifaranga, akaona wazi kwamba akiziba mwanya wa pili yeye atabaki na Rafiq, lakini mama atabaki peke yake, na kabla woga haujamwambia neno lingine akaweka mbegu kwenye mwanya wa kwanza.

*Ta.* Kauri ilikuwa imekaa kwenye mwanya wa pili.

"Umesikia, Ami?"

Shehe alikuwa amefumba macho, akisoma. Alipomaliza, harufu ilikuwa imekwisha. Alizifunga kauri kwenye kitambaa cheupe, akauchukua na ubao wenyewe, akapita karibu na Nusura bila kumtazama wala kuaga.

Chakula kilipakuliwa. Bi Jannat aliweka sahani mbili mkekani.

"Huyu Nusura mbona anachelewa leo?"

"Foleni, mama. Unaijua Kampala."

"Mama," Nusura alisema. Alikuwa ameketi kati yao. "Mama, niko hapa."

Mama yake alinyoosha mkono mbele ya uso wake, akampa Rafiq bakuli la mchuzi.

Kwenye meza ya dirishani, ambapo hapakuwa na ubao tena, ilisikika *ta*. Nusura akavuta pumzi, na haikuingia yote.