Kura Iliyotoka Chumbani

Ukumbi wa hoteli ile ya Buenos Aires ulijaa makoti ya sufi na harufu ya kahawa. Wachambuzi wa nafsi, wale wanaomlaza mgonjwa kwenye kochi na kumsikiliza kwa miaka, walikuwa wamekuja kutoka nchi arobaini kwa mkutano wa chama chao cha kimataifa. Mjerumani mmoja alikuwa ameshaanza kuhutubia, na mezani kilibaki kifaa kimoja tu cha kusikilizia tafsiri. Mikono miwili ikakishika kwa pamoja.

"Nimetangulia mimi," alisema Mirta Zylber, mwanamke mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la kijani na skafu ya njano.

"Umetangulia wapi, kimbaumbau? Una masikio mawili. Nipe nafasi ya sikio moja," alisema mwenye mkono wa pili, Anselmo Bruzzone.

Mirta akacheka. Wakakaa nyuma kabisa, kila mmoja na sikio lake, na katika hotuba nzima hawakuambulia kitu.

Mirta aliongoza kikundi cha wachambuzi kumi na tisa mjini Rosario, ambacho kwa miaka sita kilikuwa kikiomba kutambuliwa na chama. Anselmo, mgane mwenye umri wa miaka arobaini na minne, alikuwa mmoja wa wajumbe saba wa kamati iliyopokea maombi hayo. Alimwambia Mirta hivyo siku hiyohiyo.

"Basi tusionane," alisema Mirta.

Walionana. Kila Ijumaa Anselmo alipanda basi la saa nne kwenda Rosario. Siku nyingine ilikuwa simu.

"Umeniota?"

"Nikikusimulia ndoto zangu, Anselmo, utaniandikia kitabu."

"Kitabu kifupi tu, mpenzi. Kina picha."

Novemba kamati ikapiga kura: watatu ndiyo, watatu hapana. Kwa kanuni zao, sare ni kukataliwa. Kabla jioni haijaingia, habari zilikuwa zimeshamfikia Mirta kwamba Bruzzone hakupiga kura.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza simuni.

"Nje ya chumba."

"Nje unafanya nini?"

"Mambo ya kamati ni siri, mpenzi. Subiri barua."

"Usiniite mpenzi! Watu kumi na tisa, miaka sita, na wewe umesimama koridoni!"

Akakata. Kwa wiki tatu simu ya Anselmo haikupokelewa.

Barua ilipofika, Bi Perla, katibu wa kikundi, aliisoma kwa sauti mbele ya wote, kama alivyosoma barua zote.

"'Daktari Bruzzone aliomba kutoka, akieleza kuwa anampenda mmoja wa waombaji, na kwamba hana nia ya kuacha.'"

Mirta alikuwa mwekundu kuanzia shingoni.

"Kumbe ndiyo maana Ijumaa huwa una haraka," alisema mtu wa nyuma.

Bi Perla akavua miwani. "Mwenzangu, kura umetukosesha. Sasa angalau usimkose mwanamume mwenyewe."

Kesho yake Mirta alisimama mlangoni mwa ofisi ya Anselmo, skafu imekaa upande. Anselmo alikuwa na dakika kumi kati ya mgonjwa na mgonjwa.

"Ungepiga kura, tungepita," alisema Mirta.

"Mngepita. Halafu siku moja mtu angesema mmeingia kwa busu, na wewe ungemsadiki."

Mirta alikaa kwenye kochi.

"Ungeniambia."

"Niliapa kutosema. Wiki tatu nimepiga simu isiyopokelewa."

"Vizuri. Ulistahili." Akamvuta tai, akamkalisha kando yake. "Tutaomba tena mwakani. Wewe nioe kabla ya hapo, ili wakutoe chumbani wao wenyewe, bila kuombwa."

"Hilo ni ombi au amri?"

"Kengele inalia, Anselmo. Jibu."

Mgonjwa wa saa kumi alisimama nje dakika sita nzima, jambo ambalo hakuacha kulizungumzia kochini mpaka Pasaka.