Kundi Lisilo na Mkubwa

Mama Pasikali alisema ameyaona kwa macho yake mawili. Alfajiri, umande haujakauka, Mama Lukmani alitoka kwenye shamba la mbegu la akina mama wa Heru Juu. Kichwani alibeba mzigo wa miti ya mihogo mrefu kumzidi yeye mwenyewe, na kanga ameifunga mpaka puani ili asitambulike.

"Anakwenda kuiuza mjini Kasulu," alisema Mama Pasikali. "Kwao si mjini? Huyo hata usingizini anafanya biashara."

Epifania alimsikiliza akiwa uani kwao, akimenya mihogo ya chakula cha mchana. Alikuwa darasa la sita, na ndiye aliyeishika simu ya kupangusa ambayo mjomba alimletea mama yake mwaka ule wa 2015. Mama hakujua kusoma. Kila ujumbe ulipoingia, Epifania aliusoma kwa sauti, mama akasema jibu, Epifania akaandika.

Khatibu, fundi simu wa Kasulu, ndiye aliyewaunganisha akina mama ishirini na wawili kwenye kundi la WhatsApp la wakulima wa mihogo. Siku ya kwanza aliwaambia, "Hapa hakuna mkubwa. Mkubwa akiwa mmoja, siku akikasirika nyote mko nje. Kwa hiyo kila mmoja wenu nimempa uwezo wa kumwingiza mtu na kumtoa. Lakini hatolewi mtu kabla hajaulizwa mbele ya wote, akajibu, mkasikia." Wote walikubali kwa makofi.

"Sasa unasubiri nini, msomi?" Mama Pasikali aliuliza. "Mtoe! Simu yangu haina chaji."

"Mama hayupo. Amekwenda Titye kumwona bibi."

"Hata angekuwepo, si angekupa wewe simu ubonyeze?"

Epifania alisikia raha kuitwa msomi. Alijifuta mikono kwenye sketi, akabonyeza. Jina la Mama Lukmani likatoka. Akaandika: "Mwizi wa mbegu hatumtaki." Dole gumba likaingia, la pili, la tatu. Kisha Mama Asia akaandika: "Ameulizwa?" Epifania alilisoma swali lile mara mbili, akaizima simu.

Jumatano jioni, mama akiwa amesharudi, ujumbe mwingine uliingia. Gari la mbegu bora lingefika kesho saa tatu asubuhi kwenye uwanja wa kata, kila mwanachama apewe mzigo mmoja wa pingili za mihogo. Asiyekuwepo, mzigo wake angepewa mwingine.

"Mungu mkubwa!" alisema mama. "Mvua nazo ndizo hizi. Kila mtu amepata habari?"

"Ndiyo, mama," Epifania alijibu, akainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Alhamisi gari lilifika, likashusha, likaondoka. Mzigo wa Mama Lukmani alipewa aliyesimama karibu, naye alikuwa Mama Pasikali. Akina mama walikuwa wanafunga mizigo yao pale Mama Lukmani alipotokea njiani na jembe begani, akitoka shambani kwake. Alikuwa amekwisha kulima, amebakiza kupanda tu.

"Mbegu zimegawiwa?" aliuliza. "Mbona sikuambiwa?"

"Si ulitolewa kwenye kundi," mmoja alijibu. "Muulize Mama Epifania, ndiye aliyekutoa na kukuita mwizi."

"Mimi?" Mama alishtuka.

Mama Lukmani alimgeukia. "Dada, asubuhi ile si nilipita kwako kabla hujaenda Titye? Si nilikwambia shamba la mbegu limeingiwa na batobato, nang'oa miti yenye ugonjwa nikaichome bondeni isiambukize mingine?"

"Uliniambia. Nami nilikushukuru."

"Na bado ukaniita mwizi?"

Mama alimtazama Epifania mara moja tu. Akaelewa. "Simu ni yangu," alisema taratibu. "Kilichotoka kwenye simu yangu nimekitoa mimi. Nisamehe, ndugu yangu."

Epifania aliona watu wote wanamtazama mama yake, mama ambaye hajawahi kumwita mtu hata mjinga. Uso ulimwaka. Alitamani mama amkaripie, ampige hata, kuliko kusimama pale akiubeba mzigo usio wake.

"Siyo mama!" alisema, akilia. "Ni mimi. Mama hakujua. Na jana nilimdanganya."

Mama Pasikali alidakia. "Mnaona hasara ya kundi lisilo na mkubwa? Mpaka watoto wanafukuza watu! Tuchague mkubwa mmoja, basi."

"Huyo mkubwa naye ungemwendea na maneno yale yale," mama alimjibu, "naye angebonyeza. Tulipewa uwezo sawa ili kila mmoja awe na kazi ya kuuliza. Hatukupewa ili kila mmoja awe hakimu peke yake." Kisha akamgeukia binti yake. "Epifania, hukuniuliza. Sijui kusoma, mwanangu, lakini hilo nilikuwa nalijua."

Mama aliufungua mzigo wake, akatoa nusu, akaiweka miguuni pa Mama Lukmani. Mama Asia akaongeza pingili kumi. Wengine wakafuata. Mwisho Mama Pasikali, bila kumtazama mtu, aliusukuma mbele mzigo wa pili aliopewa.

Jumamosi asubuhi mama alimtuma Epifania kwenda kusaidia kupanda. Epifania alipiga makofi ya salamu akiwa bado pembeni mwa shamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Walipanda matuta matatu, Epifania akitoa pingili, Mama Lukmani akizichomeka ardhini. Kwenye tuta la nne Epifania alijikaza kusema.

"Mama, nimeandika kwenye kundi kwamba nilikusingizia. Wote wamesoma. Naomba nikurudishe. Utakubali?"

Mama Lukmani alinyoosha mkono kwa ajili ya pingili nyingine. Aliichomeka, akaukanyaga udongo kwa kisigino, akasogea hatua moja mbele, akanyoosha mkono tena. "Utaniuliza mbele ya wote," alisema, "nami nitakubali."