Nusu ya Mbele, Nusu ya Nyuma

Ubao wa mawimbi ulikatika chini yao kwa mlio mkavu, kama mlango uliopigwa teke, na kabla Muuguzi hajajua kilichotokea alikuwa ndani ya maji, hajui juu ni wapi na chini ni wapi.

Alipoibuka, mdogo wake alikuwa ameikumbatia nusu ya mbele. Nusu ya nyuma, yenye mapezi makali, ilikuwa bado imefungwa mguuni mwa mdogo wake kwa kamba, ikimvuta huku na huku. Maji yalikuwa mekundu.

"Nani kaumia?" mdogo wake aliuliza.

"Wewe."

Kazi ya mdogo wake ilikuwa kuchonga mbao hizo za kutelezea juu ya mawimbi, na watu walimwita Msasa kwa vumbi jeupe lisilomtoka nyusini. Huu aliuchonga mrefu, wa kubeba watu wawili. Asubuhi ile alimpitia dada yake hospitalini akitoka zamu, akamwambia waende wakapunge upepo, saa moja tu. Sasa mkondo ulikuwa umewavuta nje ya mawimbi yanayovunjika, na mvua ikashuka nzito, nyeupe. Nchi kavu ikafutika.

Muuguzi alimvua fulana, akaikandamiza kwenye paja lililochanwa na pezi, akaifungua kamba ya ubao na kuizungushia juu yake, kaza, kaza tena.

"Unaniua, dada."

"Nyamaza. Panda kwenye hicho kipande."

"Upande uliovunjika uwe juu," Msasa alisema. "Sponji ya ndani ikinywa maji, tumekwisha."

Kwa hiyo yeye akalalia nusu ya mbele, dada yake akaikumbatia ya nyuma kifuani, mkono mmoja ukisukuma, miguu ikipiga maji.

"Pwani ni wapi?"

"Kulia."

Akaenda kulia. Baada ya muda Msasa akainua kichwa. "Unakwenda wapi? Nimesema kushoto."

"Umesema kulia."

"Sijasema."

Muuguzi akasimamisha miguu. Huyu ndiye aliyeijua bahari. Yeye aliogelea bwawani tu, tena pale miguu inapofika chini. Akageuka kushoto. Kila upande ulikuwa wa rangi ileile. Kuna wakati alisikia injini, akaipigia kelele, kumbe ni damu yake inayovuma masikioni.

"Mama," Msasa akasema taratibu, "funga hilo bomba. Maji yanamwagika."

 Wodini alikuwa amewasikia wengi waliopoteza damu wakizungumza hivyo. Akamgusa shavu: baridi.

"Nalifunga, mwanangu. Wewe shikilia ubao."

Basi nahodha hakuwepo tena. Akafumba macho, maana macho yalikuwa yakimdanganya. Ndipo akahisi jambo ambalo miguu yake ilikuwa ikilijua muda wote: mgongo mrefu wa maji ulimwinua kutoka upande mmoja, ukapita. Kisha mwingine, kutoka upande uleule. Mawimbi yale yalikuwa yakienda kuvunjika mahali. Yalikwenda kulia.

"Kushoto!" Msasa alilia. "Nawaona watu kule! Dada, unatupoteza!"

Akazidi kwenda kulia. Labda alikuwa akiwapoteza kweli. Alisukuma huku akilia na kumeza chumvi, kipande cha nyuma kikizidi kuwa kizito chini ya kifua chake, mpaka goti likagonga saruji.

Ilikuwa ngazi ya nyuma ya kiwanda cha barafu. Mzee mmoja mwenye buti za mpira na koleo mkononi alibaki akiwatazama.

"Mmetokea wapi nyie?"

Muuguzi alinyoosha kidole baharini, akakihamisha, akakihamisha tena. "Sijui," alisema. "Leta kitambaa safi. Na gari."

Wiki tatu baadaye, Msasa alikuwa karakanani akiegemea gongo, nyuzi kumi na nne zikiwa zimetolewa pajani. Nusu mbili za ubao zililala juu ya viunzi vya mbao, kingo zikiwa zimechakaa.

"Tunaweza kuziunga," alisema. "Naweka uti wa mbao katikati, kitambaa cha faiba juu na chini. Utakuwa mzito. Au tunakata sehemu iliyokunywa maji, kila nusu iwe ubao mfupi."

Dada yake alikuwa akiangalia penseli iliyo nyuma ya sikio la Msasa, ya kupigia mistari ya kukata. Katika karakana ile hapakuwa na mtu aliyewahi kuruhusiwa kuigusa.

"Nikilala bado naona tunakwenda kushoto," Msasa akasema. "Nawaona wale watu wazi kabisa. Kulikuwa na nini kule?"

"Hata mimi sijui."

 Msasa akaichomoa penseli na kumpa.

"Tukate wapi, dada?"

Muuguzi alipapasa ile sponji iliyolainika kwa maji, hana hakika inaishia wapi. Akapiga mstari. Mstari ukapinda.

Msasa hakuunyoosha. Alichukua msumeno akaufuata ulivyo.